Paul von Lettow-Vorbeck: Jemadari wa Wadachi na Gharama ya Sifa Yake

Utangulizi

Ni nadra katika historia ya Afrika Mashariki kumpata mgeni aliyesifiwa na mahasimu wake kama alivyosifiwa na watu wake mwenyewe. Paul von Lettow-Vorbeck ni mmoja wa wachache hao. Afisa huyu wa jeshi la Ujerumani alipigana katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, Kenya, Msumbiji na Zambia kuanzia mwaka 1914 hadi 1918. Jeshi lililomwandama lilimzidi mara nyingi kwa idadi na zana, lakini aliweka silaha chini baada tu ya serikali yake kukubali kusitisha vita huko Ulaya. Waingereza walimstahi, nao Wajerumani, ambao Wapwani waliwaita Wadachi, walimfanya shujaa wa taifa.

Hata hivyo, aghalabu habari zake husimuliwa kana kwamba vita hivyo vilipiganwa katika nchi isiyokuwa na wenyewe. Chakula alicholisha jeshi lake kilikuwa na waliokilima, na mizigo yake ilikuwa na walioibeba. Maisha yake hayawezi kueleweka barabara bila ya kuwatazama watu hao, ambao hawakuwa na ugomvi wowote na Mwingereza wala na Mdachi.

Kuzaliwa na malezi ya kijeshi

Lettow-Vorbeck alizaliwa tarehe 20 Machi 1870 katika mji wa Saarlouis, magharibi mwa Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa wa makabaila wa Pomerania, na baba yake alikuwa afisa wa jeshi. Mtoto wa kiume katika ukoo wa namna hiyo hakuulizwa angependa kuwa nani ukubwani. Akiwa bado mdogo alipelekwa katika shule za makadeti za Potsdam na Lichterfelde, Berlin, na mwaka 1890 akapata cheo cha luteni.

Ujerumani ya wakati huo ilikuwa ndiyo kwanza inajipatia makoloni. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885 ulikuwa umekwisha kuweka kanuni za kuligawa bara la Afrika, na upinzani wa Abushiri bin Salim na Bwana Heri katika pwani ya Mrima ulivunjwa karibu na wakati ule ule kijana huyu alipovaa cheo chake cha kwanza. Maafisa waliotamani kupanda vyeo upesi waliyaona makoloni kuwa mahali pa kujipatia jina.

China na nchi ya Waherero

Mwaka 1900 alipelekwa China katika jeshi la mataifa lililokwenda kuzima uasi wa Mabondia. Miaka minne baadaye alitumwa Afrika Kusini-Magharibi ya Kijerumani, ambayo leo ni Namibia, ambako Waherero na baadaye Wanama walikuwa wamesimama kuipinga dhuluma ya walowezi. Huko alitumikia katika makao makuu ya Jenerali Lothar von Trotha, yule aliyetoa amri mwezi Oktoba 1904 kwamba kila Mherero atakayeonekana ndani ya mipaka ya koloni auawe. Maelfu kwa maelfu walisukumwa jangwani wakafa kwa kiu, na waliosalia wakafungwa makambini. Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri kwamba yaliyotendeka yalikuwa mauaji ya halaiki.

Waandishi wengi wa maisha ya Lettow-Vorbeck hukipita kipindi hiki mbiombio ili wafike Tanga. Kukipita hivyo ni kosa, kwani hapo ndipo alipojifunza mambo mawili yaliyomwongoza baadaye. La kwanza ni mbinu za wapiganaji Wanama, waliowasumbua Wajerumani kwa vikosi vidogo vilivyoshambulia na kutoweka. La pili ni desturi ya kuihesabu nchi ya Waafrika pamoja na wakazi wake kuwa zana ya vita. Mwaka 1906 alijeruhiwa kifuani na katika jicho la kushoto, akapelekwa Afrika Kusini kutibiwa. Jicho hilo halikupona.

Kufika Dar es Salaam

Baada ya kuongoza kikosi cha wanamaji huko Wilhelmshaven kuanzia 1909, aliteuliwa kuwa kamanda wa majeshi ya Afrika Mashariki ya Kijerumani akiwa na cheo cha luteni kanali. Aliabiri meli mwishoni mwa 1913, na humo akafanya urafiki na Karen Dinesen, msichana wa Kidenmarki aliyekuwa akienda kuolewa Kenya na ambaye baadaye alipata umaarufu wa uandishi kwa jina la Karen Blixen. Lettow-Vorbeck aliteremka Dar es Salaam mwezi Januari 1914.

Jeshi alilolikuta, lililojulikana kama Schutztruppe, lilikuwa dogo. Lilikuwa na Wajerumani wapatao 260 na askari Waafrika wapatao 2,500, waliogawanywa katika kombania 14. Miongoni mwa askari hao walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wazao wa Wanubi walioletwa kutoka kaskazini. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili, na kamanda mpya alijifunza kukisema. Jeshi hilo lilikuwa na historia nzito. Miaka saba tu ilikuwa imepita tangu lilipokizima Kivita cha Maji Maji cha 1905 hadi 1907 kwa kuchoma vijiji na maghala ya chakula, na sehemu za kusini zilikuwa bado hazijarejewa na watu.

Vita vilipozuka Ulaya mwezi Agosti 1914, Gavana Heinrich Schnee alipendelea koloni lisiingizwe vitani. Lettow-Vorbeck hakukubaliana naye. Alijua kwamba koloni lile halingeweza kushinda, kwani lilizungukwa na maadui pande zote, nazo manowari za Kiingereza zilitawala bahari. Shabaha yake ilikuwa nyingine: kila askari, bunduki na meli ambayo Uingereza ingelazimika kuileta Afrika Mashariki ingepungua katika mapigano ya Ulaya. Kwa hesabu hiyo, nchi nzima yenye mamilioni ya watu ilipaswa kutumika ili kupunguza uzito katika mizani ya vita vya mbali. Katikati ya mwezi huo vikosi vyake viliitwaa Taveta, ndani ya mpaka wa Kenya, na baadaye vikawa vinaitega baruti Reli ya Uganda kati ya Voi na Tsavo.

Mapigano ya Tanga

Jina lake lilitangaa kwa mapigano ya Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 meli zilizobeba askari wapatao 8,000, wengi wao Wahindi, zilifika mbele ya mji huo. Amiri wao alikuwa Meja Jenerali Aitken. Waingereza walitoa taarifa kwanza kwamba wangeushambulia mji, kisha wakachelewa kuteremka. Muda huo ulimtosha Lettow-Vorbeck kuwasafirisha askari wake kwa reli ya Usambara kutoka Moshi. Hawakuzidi sana elfu moja.

Mapigano makali yalikuwa tarehe 4 Novemba katika mashamba ya minazi na mipira na katika mitaa ya mji. Nyuki waliotimuliwa mizingani kwa risasi waliwashambulia watu wa pande zote mbili, ingawa Waingereza wengi waliamini kuwa ni hila ya Wadachi. Miongoni mwa waliouawa upande wa Wajerumani ni Tom von Prince, aliyejulikana na Waafrika kwa jina la Bwana Sakarani, ambaye miaka mingi kabla yake alimwandama Mtwa Mkwawa wa Wahehe. Waingereza walipoteza zaidi ya watu 800, waliouawa na waliojeruhiwa, wakarudi melini na kuziacha nyuma bunduki, bombomu na mamia ya maelfu ya risasi. Silaha hizo zilimwezesha Lettow-Vorbeck kuwapa zana za kisasa askari waliokuwa wakitumia bunduki za zamani zilizofuka moshi mwingi.

Vita vya kuviziana

Ushindi wa Jasini, mpakani mwa pwani, mwezi Januari 1915 ulimfunza jambo. Aliiteka ngome, lakini alipoteza maafisa kadhaa na risasi nyingi ambazo hakuwa na njia ya kuzipata tena. Tangu hapo alijitahidi kuepuka mapigano makubwa isipokuwa pale alipoona faida iliyo dhahiri.

Koloni lililofungiwa bahari lilijifunza kujitegemea. Kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, kilitengeneza kwinini kutokana na magome ya miti. Nguo zilifumwa kwa pamba ya humu humu, na fedha za noti na sarafu zilitengenezwa nchini. Manowari Königsberg ilipozamishwa katika delta ya Rufiji mwezi Julai 1915, mizinga yake kumi iliopolewa na kukokotwa nchi kavu. Mapema mwaka 1916 jeshi lake lilikuwa limefikia Wazungu wapatao 3,000 na askari wapatao 11,000.

Mwezi Februari 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alishika uongozi wa majeshi ya Uingereza. Waliovuka mpaka pamoja naye kutoka Kenya walikuwa makaburu, Wahindi, Waingereza na askari wa King's African Rifles, huku Wabelgiji wakiingia kutoka Kongo. Moshi ilianguka mwezi Machi, na Dar es Salaam na Tabora mwezi Septemba. Smuts alijaribu mara kwa mara kumzingira adui yake, lakini kila wavu ulipovutwa ulikuta mtupu. Malaria, kuhara damu na mbung'o viliwamaliza wageni na wanyama wao kuliko risasi. Kwa sababu hiyo Waingereza walizidi kuwategemea askari Waafrika, na King's African Rifles iliyoanza vita ikiwa na batalioni 3 ilivimaliza ikiwa na 22.

Mapigano makubwa ya mwisho katika ardhi ya koloni yalikuwa Mahiwa, karibu na Lindi, kati ya tarehe 15 na 18 Oktoba 1917. Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu wapatao 5,000 waliowaingiza vitani. Lettow-Vorbeck alipoteza wachache zaidi, lakini kwake yeye hata wachache hao hawakuwa na wa kujaza nafasi zao. Aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, na tarehe 25 Novemba 1917 akavuka mto Ruvuma akiwa na Wazungu wasiofikia 300, askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000, bila ya kuwahesabu wanawake na watoto waliofuatana na askari.

Kwa miezi kumi msafara huo ulizunguka Msumbiji ukijilisha na kujivika kwa ngawira ulizowateka Wareno. Mwezi Septemba 1918 ulirudi kaskazini, ukapita magharibi na kuingia Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Huko, karibu na mto Chambeshi, katikati ya Novemba, ndiko Lettow-Vorbeck alikopata habari kwamba vita vimesimamishwa Ulaya. Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga ya Ulaya kunyamaza, alisalimisha silaha huko Abercorn, mji ambao leo huitwa Mbala. Aliosalia nao walikuwa Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100 pamoja na wapagazi na wanawake.

Wapagazi na njaa

Hesabu ya maafisa husimama hapo Mbala. Hesabu ya wananchi ni ndefu zaidi. Katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi, ng'ombe na nyumbu, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Pande zote mbili ziliwakamata wanaume vijijini kwa nguvu. Upande wa Waingereza pekee ulitumia wapagazi wapatao milioni moja katika muda wote wa vita, na inakadiriwa kuwa wasiopungua 95,000 kati yao walikufa. Karibu 45,000 ya hao walitoka Kenya. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa, njaa na baridi ya milimani, wakilala nje bila ya blanketi za kutosha na wakilishwa unga ambao matumbo yao hayakuuzoea.

Hesabu ya waliokufa upande wa Wajerumani haikuwekwa kwa uangalifu hata huo. Jeshi lililoishi kwa kuhamahama halikuwa na ghala lake, hivyo lilichukua mazao popote lilipopita, na yale lililoshindwa kuyabeba mara nyingine liliyateketeza yasimfae adui. Majeshi ya Uingereza na Ubelgiji yaliyofuata nyuma nayo yalichukua yaliyobaki. Ugogo, ambako majeshi yote yalipita yakitwaa nafaka, ng'ombe na wanaume wenye nguvu za kulima, mvua ziliposhindwa kunyesha ilizuka njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Ilidumu kati ya 1917 na 1920, na waliokufa wanakadiriwa kuwa 30,000. Kisha mwaka 1918 ukaja ugonjwa wa mafua makali ulioenea duniani, ukawakuta watu ambao miili yao imekwisha dhoofu.

Hapa ndipo sifa ya ujemadari inapopaswa kupimwa. Ni kweli kwamba Lettow-Vorbeck alikuwa mjuzi wa vita, mvumilivu na mwepesi wa kuamua, na kwamba alishiriki taabu za safari pamoja na watu wake. Ni kweli pia kwamba wapo askari waliomfuata hadi mwisho. Lakini wengine wengi walitoroka kadiri vita vilivyorefuka na mishahara ilivyokoma, na wapagazi walitoroka kila walipopata nafasi. Simulizi ya askari mwaminifu aliyempenda Mdachi ilikuzwa zaidi baada ya vita na Wajerumani waliotaka kuuthibitishia ulimwengu kwamba walistahili kurudishiwa makoloni yao.

Kurejea Ujerumani na kustaafu

Mwezi Machi 1919 Lettow-Vorbeck aliingia Berlin akiwa juu ya farasi, akapita katika Lango la Brandenburg huku umati ukimshangilia. Taifa lililoshindwa lilikuwa na haja ya mtu ambaye hakushindwa. Mwaka huo alimwoa Martha Wallroth, na mwezi Julai akaongoza majeshi yaliyoingia Hamburg kuzima ghasia. Mwezi Machi 1920 aliunga mkono jaribio la Wolfgang Kapp na wenzake la kuipindua serikali ya jamhuri. Jaribio hilo liliposhindwa, naye akapoteza nafasi yake. Hivyo ndivyo mtu aliyekuwa jeshini tangu utotoni alivyostaafishwa akiwa na cheo cha meja jenerali na umri wa miaka 50.

Alifanya biashara ya kuagiza bidhaa katika mji wa Bremen, na kalamu ikachukua mahali pa upanga. Kumbukumbu zake za vita zilichapishwa mwaka 1920, na katika mwaka huo huo akatoa kitabu kingine kwa ajili ya vijana, kiitwacho Heia Safari!, ambacho jina lake lenyewe limebeba neno la Kiswahili. Vitabu hivyo vilisomwa mno na vilichangia pakubwa kuijenga ile simulizi ya uaminifu wa askari. Kuanzia 1928 hadi 1930 alikuwa mbunge wa chama cha wazalendo wa mrengo wa kulia. Mwaka 1929 alialikwa London, ambako aliketi meza moja na Smuts, na urafiki wao ukadumu.

Kuhusu utawala wa Hitler, husimuliwa kwamba alikataa kwa maneno makali alipotakiwa kuwa balozi London. Kisa hicho kimempa sifa ya ujasiri, lakini hakitoshi kumweka miongoni mwa wapinzani wa Wanazi. Aliendelea kuhutubia kuhusu makoloni, na mwaka 1939 alikubali cheo cha heshima cha jenerali.

Vita vya pili vilimrudishia kile ambacho vita vya kwanza vilikuwa vimewapa wengine. Wanawe wawili wa kiume waliuawa vitani, na nyumba yake ya Bremen ikabomolewa kwa mabomu. Mzee huyu aliyewahi kuvamia maghala ya wakulima alijikuta akitegemea vifurushi vya chakula, na miongoni mwa waliomtumia alikuwa Smuts, hasimu wake wa zamani.

Siku za mwisho

Mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 83, alirudi kutembelea Afrika Mashariki. Huko Dar es Salaam alilakiwa na askari wake wazee, nao wakazungumza naye kwa Kiswahili. Alifariki dunia huko Hamburg tarehe 9 Machi 1964, siku chache kabla ya kutimiza miaka 94. Waziri wa ulinzi wa Ujerumani Magharibi, Kai-Uwe von Hassel, ambaye mwenyewe alizaliwa Usambara mwaka 1913, alihutubia mazishini, na askari wawili wa zamani waliletwa kutoka Afrika kuhudhuria.

Wakati huo Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari waliokuwa bado hai. Inasimuliwa kwamba wazee wapatao 350 walijitokeza Mwanza, wengi wao bila ya hati yoyote, na kwamba kila mmoja alipewa ufagio mkononi akaamriwa kwa Kijerumani afanye gwaride kama mwenye bunduki, wasishindwe hata mmoja. Kisa hicho hupendwa sana na wasimulizi. Wapagazi waliofia njiani hawakuwa na nafasi katika foleni hiyo.

Hitimisho

Katika Ujerumani yenyewe, kambi za jeshi na mitaa iliyopewa jina la Lettow-Vorbeck imekuwa ikibadilishwa majina, hasa tangu watu walipoanza kuyatazama upya mauaji ya Waherero na madhara ya vita vya Afrika Mashariki. Hapa Kenya, walowezi wazungu waliotoka jeshini walipewa mashamba kuanzia 1919, huku Waafrika waliorejea kutoka upagazini wakifungiwa kipande shingoni na familia nyingi za waliokufa zikikosa mishahara ya wapenzi wao.

Lugha ya Kiswahili imehifadhi yale ambayo vitabu vya majemadari viliyasahau. Neno askari liliingia katika Kijerumani na Kiingereza kwa njia ya majeshi haya, na sarafu ya Wadachi iliyoitwa Heller imebaki vinywani mwetu kwa jina la hela. Kikosi cha wapagazi cha Waingereza kilichoitwa Carrier Corps kiliacha jina lake Nairobi katika soko na mtaa wa Kariokor, na Dar es Salaam katika Kariakoo. Katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, zingalipo sanamu za shaba zilizosimamishwa katika miaka ya 1920, miongoni mwao ikiwamo ya mpagazi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha zilizoandikwa hapo. Mwanafunzi wa Kiswahili anayepita Kariokor kununua chondo au kula nyama choma anapita juu ya jina la watu 45,000 ambao hakuna aliyeandika maisha yao. Anayetaka kumjua Lettow-Vorbeck kikamilifu hana budi kuanza na hao.